Hossein Alizadeh na Nishani Aliyoikataa

Novemba 2014 Serikali ya Ufaransa ilitaka kumtunukia Hossein Alizadeh nishani yake kuu, Légion d'honneur. Mtunzi huyo wa Iran, mpigaji wa tar, alishukuru kisha akakataa. Alieleza kwamba heshima aliyopewa na watu wake inamtosha, na kwamba jina lake halihitaji cheo mbele wala nyuma.

Wapo wanaouita uamuzi huo majivuno. Mimi naona msimamo wa muda mrefu. Septemba 1978, askari wa Shah walipowapiga risasi waandamanaji katika Uwanja wa Jaleh, Tehran, Alizadeh na wenzake waliacha kazi katika redio ya taifa. Mapinduzi ya 1979 nayo hayakuupa muziki nafuu. Kwa miongo kadhaa televisheni ya taifa imerusha sauti ya ala huku ikiificha ala yenyewe. Mtazamaji wa Iran aliweza kuisikia tar, yenye nyuzi sita na mwili wa mforsadi uliowambwa ngozi, asiione ikipigwa. Hata hivyo, mwaka 1983 Alizadeh alitunga Neynava, kazi inayokutanisha ney, filimbi ya tete, na okestra ya ala za nyuzi. Hakuna wizara iliyompa kipaji hicho, wala hakuna iliyoweza kumnyang'anya.

Simlaumu anayepokea. Mwimbaji Mohammad Reza Shajarian alipokea nishani ya Ufaransa mwaka uleule, na hadhi yake haikupungua. Hoja yangu ni kwamba nishani humpamba mtoaji sawa na mpokeaji. Dola huazima jina la msanii, nalo likajengwa kwa jasho ambalo dola haikulitoa. Kwa hiyo msanii ana haki ya kuuliza anapambwa au anatumiwa kupamba.

Ndugu zangu watumishi wa umma, kabla ya kuandaa hafla ya kumvisha mwanamuziki nishani, jiulizeni kama ala yake inafundishwa shuleni, kama ana jukwaa, na kama anaweza kutunga bila kuomba ruhusa. Nanyi wanafunzi wangu, jifunzeni kwa Alizadeh kwamba neno "hapana" linaweza kusemwa kwa adabu, bila matusi, na bado likasikika mbali. Kwangu mimi, anayeweza kuikataa zawadi ya mwenye nguvu ndiye aliye huru kumkosoa.