Krismasi hii keki tuoke wenyewe

Najua nimepotea. Si kuringa, ni testi. Wiki mbili hizi tumekula desa mpaka ndoto zenyewe zinakuja na maswali ya sehemu A na B. Leo nimefunga daftari mapema kwa sababu kuna ubishi umezuka chumbani kwetu na nimeona usiishie kule.

Jana usiku tulikuwa tunapanga safari za kwenda makwetu Krismasi. Kila mtu anataja atakachobeba. Jamaa mmoja akasema bumu lake lililobaki lote linakwenda kwenye keki, ile ya ghorofa mbili, nyeupe, imeandikwa jina la mama yake kwa rangi nyekundu. Nikamwambia, "Kaka, oka mwenyewe." Chumba kizima kikacheka. "Huyu Mpare! Ubahili tu unamsumbua!"

Sawa. Wapare mnatutania kwa mambo mawili, ubahili na kupenda kesi. La kwanza nakanusha, la pili nalikubali, ndo maana kesi nimeileta hapa.

Hoja yangu ni hii: keki ya Krismasi, na hasa keki ya tangawizi, ni kitu cha kuokwa nyumbani, kwa mikono ya watu watakaoila. Ukiinunua unapata keki, lakini unakosa Krismasi yenyewe.

Nianze na aibu yangu. Desemba iliyopita nilitaka mama aone kwamba mwanawe anasoma chuo kikuu. Nikanunua keki hapa Dar, shilingi 35,000. Nimeipakata kwenye basi kutoka hapa mpaka Same, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, magoti yamekufa ganzi. Halafu gari ya kupanda milimani, mnajua zile. Kufika nyumbani ile krimu ya juu ilikuwa imehamia kwenye mfuniko wa boksi. Tukala hivohivo. Mama akashukuru sana, kisha akauliza bei. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo. Msimu ule tangawizi alikuwa ameiuza shambani kwa shilingi 1,000 kilo.

"Yaani baba, umenunua karibu nusu gunia langu la tangawizi," akasema, "na tangawizi yenyewe humu haimo."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anacheka. Ila mimi nililala nayo ile kauli, na nimerudi nayo chuo.

Kwa wasiojua, milima ya Upare kule Same, pande za Mamba Miamba, ni kwa tangawizi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye hayo matuta. Lakini sisi tangawizi tunajua kuitia kwenye chai, basi. Inayobaki inaingia kwenye gunia na kwenda mjini, na huko mjini watu wa kwetu tukifika tunanunua biskuti za tangawizi za boksi zilizotoka nje ya nchi. Nami nilikuwa hivyo, msidhani natukana mtu.

Sasa wenzetu wa Ulaya Krismasi bila tangawizi na viungo haijakamilika. Wajerumani wana mikate yao inaitwa Lebkuchen, na mji unaosifika zaidi ni Nürnberg. Jina la mikate ya mji huo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1996, yaani ukiioka nje ya mji huo huruhusiwi kuiita ya Nürnberg. Na kwanini mji huo? Kwa sababu ulizungukwa na misitu yenye nyuki, kwa hiyo asali ilikuwepo, na ulikaa kwenye njia za wafanyabiashara waliopitisha viungo kutoka mbali. Basi. Walichukua kilicho karibu, wakasubiri kilicho mbali, wakapata keki yao. Hata zile nyumba za keki wanazojenga Desemba zinahusishwa na hadithi ya watoto wawili waliopotea msituni, kwenye kitabu cha ndugu wawili Grimm cha 1812.

Sisi hatuna cha kusubiri. Tangawizi ipo Same. Karafuu zipo Unguja na Pemba. Mdalasini upo Zanzibar, na upo Muheza, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Sukari guru ipo sokoni. Mayai yako bandani kwa jirani. Halafu mtu ananiambia hiyo ni keki ya wazungu! Mapishi sawa ni ya kwao, sibishi. Lakini tangawizi yenyewe asili yake ni Asia, na karafuu zililetwa Zanzibar karne ya 19, asili yake visiwa vya Maluku. Pilau tunayoipigania kila sikukuu nayo ilikuja na meli. Chakula kinakuwa cha kwenu siku mnapokipika.

Haya, "sina oveni." Hiyo ndo sababu ninayoisikia zaidi, na ndo dhaifu kuliko zote. Mama zetu wameoka keki kwa mkaa kabla hatujazaliwa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, unaupasha moto kwanza, unaweka chombo chako cha keki juu ya mchanga, unafunika, mkaa mwingi juu ya mfuniko na mchache chini. Ukikosea ukaweka mwingi chini, utapata keki nyeusi upande mmoja na uji upande wa pili. Nimeshaipata hiyo, tutaongea.

Nilijaribu mara ya kwanza Pasaka, kwenye geto la mshkaji wangu anayekaa nje ya chuo. Ya kwanza ilikuwa na ladha ya sabuni. Sitanii. Na mimi nasoma ualimu wa Kemia na Baiolojia, hebu fikirini hiyo fedheha! Nilikuwa nimezidisha magadi. Kumbe somo lenyewe nimelifundisha BTP kwa mdomo, mikono haikuwa inalijua. Sukari guru ina uasidi kidogo, mtindi una asidi ya kutosha, vikikutana na magadi inatoka kaboni dioksidi, na hiyo ndo inayoinua keki. Magadi yakizidi yanakosa asidi ya kumalizana nayo, yanabaki, na yakibaki unakula sabuni. Ya pili nilipunguza, ikatoka keki ya maana. Tulikuwa wanne, haikufika jioni.

Mapishi ninayotumia ni haya, nayaweka ili mtu asiseme nilimficha:

Sukari guru robo kilo, iyeyushe kwenye kikombe 1 cha maji ya moto, chuja maana huwa ina takataka, acha ipoe. Siagi gramu 125, iyeyushe pia. Mayai 2. Mtindi nusu kikombe. Changanya hivyo vyote pamoja. Kwenye bakuli jingine weka unga wa ngano vikombe 2 na nusu, magadi kijiko 1 cha chai (yale meupe ya unga ya pakiti, siyo yale ya kuchemshia maharage!), mdalasini kijiko 1 cha chai, karafuu ya kusaga robo kijiko, chumvi kidogo. Tangawizi mbichi iliyokunwa vijiko 3 vya mezani. Kama ni kavu ya unga, kijiko 1 cha mezani kinatosha, maana ikikaushwa jinjeroli yake inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Mimina ule uji wa sukari guru kwenye unga, koroga mpaka unga usionekane, usiendelee kukoroga kama unasonga ugali. Tia kwenye chombo ulichopaka siagi. Kwa mkaa inachukua kama dakika 45. Choma katikati na kijiti, kikitoka kikavu, epua.

Na uipike siku moja au mbili kabla ya sikukuu. Keki hii ikilala inakuwa laini zaidi na viungo vinakolea.

Gharama, kwa hesabu yangu ya mara ya mwisho: unga nusu kilo 1,000, sukari guru 1,500, mayai 800, siagi 2,500, mtindi 800, viungo na magadi 1,000, mkaa 1,000. Jumla 8,600. Tangawizi bure, imetoka shambani. Kwa pesa ya ile keki yangu ya krimu ningeoka nne na chenji ingebaki.

Lakini nimesema si ubahili, na nataka nieleweke hapo. Likizo ndefu iliyopita, baada ya BTP, nilioka nyumbani. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, akawa ananikunia tangawizi. Alipoona mchanganyiko unatoa mapovu akauliza, "Kaka, mbona unachemka na hauko jikoni?" Tukakaa pale chini tunaongea asidi na besi kama nusu saa. Hakuna kipindi nilichofundisha BTP kilichoingia vile. Baba mdogo akapita, akasimama. "Mwanaume mzima, chuo kikuu, unakoroga keki?" Nikamwambia karibu baba mdogo, kuna kazi ya kupepea mkaa. Akaguna, akaondoka. Baada ya dakika kumi akarudi, eti anaangalia kama moto wa juu unatosha. Akabaki hapo hapo mpaka ikaiva.

Mama alipoionja alikaa kimya tena, nikaogopa. Akaonja tena. "Hii ni ile ya shamba la juu," akasema. Ameitambua tangawizi yake mwenyewe! Mwanamke amelima kitu miaka yote hiyo, ameking'oa, amekiosha, amekibeba kichwani mpaka barabarani, na siku hiyo ndo mara ya kwanza anakaa kwenye kiti anahudumiwa nacho kwenye sahani. Mimi pale ndo nilipoelewa kwanini ile keki ya boksi iliniuma. Haikuwa mbaya, ilikuwa tamu tu. Lakini hapakuwa na mtu yeyote wa kwetu ndani yake.

Najua kuna watakaosema muda hakuna, likizo yenyewe ni fupi, mtu anafika tarehe 23 amechoka na UE iko mlangoni. Kweli kabisa. Lakini jioni moja ipo. Muda ule tunaokaa kila mtu na simu yake, mama peke yake jikoni, huo huo unatosha keki mbili. Na wenye uwezo wa kununua, nunueni, kuna watu wanaishi kwa kuoka na mimi siwaombei njaa. Siku ya harusi nitawaita hao hao. Ninachokataa ni ile imani kwamba keki ya dukani ina hadhi na ya nyumbani ni ya waliokosa. Hiyo imani nimeilipia 35,000.

Mwaka huu naondoka na mdalasini, karafuu na pakiti ya magadi kwenye begi. Vingine nitavikuta. Mama ameshanipigia, anataka tatu: moja ya nyumbani, moja ya kupeleka usharikani, moja ya majirani. Baba mdogo ametuma ujumbe kwamba mkaa ni juu yake.

Jamaa yangu wa keki ya ghorofa bado hajakubali. Ila asubuhi ya leo aliniuliza, taratibu, wengine wasisikie, kama magadi ni kijiko cha chai au cha mezani. Cha chai, kaka. CHA CHAI. Usije ukamlisha mama sabuni.

Krismasi njema wadau, na mwaka mpya tuuone wote. Naomba kutoa hoja.