Utoto wa Shujaa Tuusome Lini?



Juma hili nataka kuwatetea vijana wetu wasomao riwaya za njozi, kisha nigombane nao kidogo. Wazee kadhaa hapa Manyovu wamelalamika kwamba vitabu hivyo ni uongo mtupu, wenye wachawi na wanyama wasemao. Lalamiko hilo nalipita upesi, kwa kuwa wazee hao hao walilelewa kwa hadithi za sungura mjanja na fisi aoaye, wala hatukuona wakiharibika. Lenye uzito ni jambo jingine: ile hamu ya msomaji ambaye, akishampenda mhusika, hutaka kitabu kingine kitakachomwonyesha alipokuwa bado mtoto. Waandishi wanaijua hamu hiyo, na wachapishaji wanaijua zaidi.

Hamu yenyewe ni ya kale. Wakristo wa kwanza waliona kwamba kati ya uchanga wa Bwana na utu uzima wake Luka ametupatia tukio moja tu, lile la hekaluni akiwa na miaka 12. Wengine wakajaza pengo kwa hiari yao. Ndipo ikapatikana ile iitwayo Injili ya Utoto ya Tomaso, ambamo mtoto Yesu anafinyanga shomoro 12 wa udongo siku ya Sabato nao wakaruka. Na mtoto mwenzake akimgonga begani, anaanguka na kufa. Kanisa halikuipokea katika Maandiko. Hata msomaji asiyejua lolote juu ya kanuni ya Biblia angeiona kasoro yake: mtoto yule si mtoto, bali ni mwenye enzi aliyevalishwa kimo kifupi. Luka anasema kwamba alikua. Waandishi wa maisha ya watakatifu nao waliteleza humo humo. Mtakatifu Nikola husimuliwa kwamba alipokuwa mchanga alinyonya mara moja tu siku za Jumatano na Ijumaa, kwa ajili ya kufunga. Akina mama wa hapa wangemkimbiza zahanati.

Sasa tumtazame mwandishi aliyeweza. C. S. Lewis, Mwanglikana mzaliwa wa Belfast, alitoa mwaka 1950 kitabu cha kwanza cha nchi ya Narnia. Humo yumo profesa mzee mwenye nyumba kubwa, ambaye mtoto Lucy anaposimulia kwamba amepita ndani ya kabati la nguo akafika nchi nyingine, yeye hamcheki. Hatuambiwi sababu. Mwaka 1955, katika kitabu cha sita kati ya saba, The Magician's Nephew, tunamkuta profesa yule akiwa mvulana aitwaye Digory, ambaye mama yake ni mgonjwa mahututi. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza: Digory ni mpwa kamili, maana mchawi yule ni ndugu wa mama yake, yaani mjomba, na mjomba huyo anamtumia mtoto wa dada yake kujaribia uchawi ambao mwenyewe anauogopa. Msomaji wa kwetu, anayejua mjomba ni nani, husoma ukurasa huo kwa hasira zaidi.

Kinachonipendeza ni kwamba Digory anakosea, na anakosea vibaya. Kwa udadisi na ukaidi anapiga kengele katika mji uliokufa, akimkunja mkono rafiki yake Polly aliyemkataza, na hivyo anamwamsha malkia mwovu ambaye baadaye ataitesa Narnia. Kisha anatumwa kuleta tufaha, naye anajaribiwa kuliiba ili akamponye mama yake. Halibi. Simba Aslan anamwambia achume tufaha jingine ampelekee mama yake, mama anapona, na mbegu zake zinaota mti ambao mbao zake zitafanywa kabati lile lile la nguo. Lewis alifiwa na mama yake mwaka 1908, akiwa na miaka tisa.

Hapa ndipo nigombanapo na vijana. Matoleo ya siku hizi yamekiwekea kitabu hicho namba moja, na Lewis mwenyewe, katika barua ya mwaka 1957 kwa mtoto mmoja Mmarekani, alikubali kwamba visomwe kwa mfuatano wa matukio. Kwa heshima zote, nampinga. Ukianza na mvulana, profesa hana fumbo lolote. Ukianza na mzee asiyemcheka mtoto, ndipo utakapofurahi kujua kwamba hakumcheka kwa kuwa aliwahi kufika. Watu wengi tunakutana nao wakiwa watu wazima. Utoto wao tunauambiwa baadaye, tukishawapenda au tukishawachukia.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika misitu ya mashariki ya Kongo, Wanyanga wanaye shujaa aitwaye Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliusimulia utendi wake kwa siku 12, nao ukachapwa mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Rureke hakuwa amewahi kuusimulia wote kwa mfululizo. Desturi ni kusimulia kipande leo na kingine siku nyingine. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Akizaliwa wa kiume, atauawa. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, usinga mkononi. Baba anamrushia mikuki, inamkosa. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye anaelea akielekea kwa shangazi yake Iyangura. Wajomba zake, wahunzi, wanamvika chuma mwilini. Mlinganishe mjomba wa Digory na hao!

Mtaniambia: huyu naye ni mtoto asiye mtoto, kama yule wa shomoro. Ni kweli, mwanzoni. Lakini baada ya kumfuata baba yake hadi kuzimu, kumrudisha na kumsamehe, Mwindo anaua zimwi Kirimu, ambaye ni rafiki wa Radi. Radi anamchukua juu mbinguni mwaka mzima. Jua linamchoma, mvua na baridi vinamtesa, na majigambo yake hayamsaidii kitu. Utoto wake hasa ni huo. Anaporudi anawapa watu wake sheria, na mojawapo ni kwamba wasimdhihaki mlemavu apitaye kijijini.

Yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu watoto wetu tunawasoma kama vile vitabu vibaya. Kijana akikamatwa kwa wizi tunasema tangu utotoni alikuwa na dalili. Mwenzake akiwa daktari, dalili hizo hizo za ukaidi tunaziita akili. Mwaka 2015 njia ya Manyovu ilijaa waliokimbia Burundi, wengi wao wakiwa watoto, na nilimsikia mtu mwenye heshima zake akisema kwamba aliyekulia kambini hawezi kuwa mwingine ila mkorofi. Shemwindo alitoa hukumu ya namna hiyo kabla mtoto hajazaliwa. Tofauti ni kwamba msomaji anajua mikuki ya Shemwindo itakosa, kwa kuwa utendi bado una kurasa nyingi. Ya kwetu haikosi.

Nina ombi moja kwa familia zinazoandaa wasifu wa marehemu. Huwa mnaandika kwamba alizaliwa mwaka fulani, akasoma darasa la kwanza hadi la saba, kisha mnakimbilia vyeo na ugonjwa. Tafadhali ongezeni pale mwanzoni mistari mitano au sita: alichunga mbuzi wa nani, aliogopa nini, alimkosea nani naye akasamehewaje. Kama watoto wake hawajui, shangazi yupo. Mwulizeni kabla ya mazishi.