Nani Alipie Mchoro Unaorudiwa?

Kabla katuni ya dakika 11 haijafika kwenye televisheni, kuna mtu aliyekwisha kuichora yote, mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji hamjui. Huyo ndiye msanii wa storibodi. Hupewa mswada wenye maneno matupu, akaugeuza kuwa picha zinazofuatana: kamera ikae wapi, mhusika atokee upande gani, uso wake uweje. Mswada ukisema, "Fisi anaingia sokoni, watu wanakimbia," mwandishi amemaliza kwa maneno matano. Msanii ndio kwanza anaanza. Achore soko kwa mbali, fisi akichungulia nyuma ya kibanda cha mitumba, muuza omena akiinua kichwa, beseni likipinduka, miguu ikitimua vumbi, kisha fisi peke yake, ameduwaa, haelewi kwa nini amekimbiwa. Picha 20 huisha hapo, na kipindi kizima hula mamia. Halafu mkurugenzi anasema tukio la soko halichekeshi, lichorwe upya.

Si lazima mtu huyo akae Nairobi. Anaweza kuwa Katito, pale njia ya Kendu Bay inapoachana na barabara kuu ya kutoka Ahero kwenda Sondu na Kisii, mradi ana kompyuta, kishikwambi cha kuchorea, bando na stima. Studio hupata mchoraji asiyehitaji kiti wala meza, naye mchoraji hukwepa kodi ya nyumba ya jijini. Lakini gharama zilizokuwa za ofisi hazikutoweka, zimehamia kwake. Mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, wenye uwezo wa megawati 60, uko jirani, na ujirani huo haukumfaa mtu usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani. Siku kama hiyo mwenye mshahara hupoteza saa za mwajiri. Mwenye kazi ya kipande hupoteza zake, na tarehe ya kukabidhi iko palepale.

Kazi yenyewe ipo, na imekuwapo kitambo. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi na Homeboyz kwa kushirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza, vipindi 52. Dar es Salaam, Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014. Super Sema ikafuata mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Julai 2023 ikaja Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Kiafrika, mojawapo ikiongozwa na Ng'endo Mukii wa Kenya na nyingine na Raymond Malinga wa Uganda. Mtayarishaji mkuu wake, Peter Ramsey, Mmarekani aliyeshinda Oscar, alitumia miaka mingi akichora storibodi kabla ya kuwa mwongozaji. Kwa hiyo kazi hii ni ngazi ya kupandia, na wasanii wanaijua thamani yake. Ndiyo sababu wengi hukubali masharti ambayo wasingeyakubali kwingine.

Mzigo wenyewe umeongezeka, na chanzo chake kinajulikana. Zamani storibodi ilikuwa michoro ya haraka ya penseli kwenye karatasi, iliyobandikwa ukutani. Studio za Marekani zilipozoea kupeleka uhuishaji Korea Kusini na Ufilipino, mchoro ulilazimika kueleza kila kitu, kwa kuwa atakayeuhuisha yuko mbali na hakuna wa kumwuliza. Zikaja programu za kompyuta. Kwa kuwa programu inaruhusu, msanii akaanza kutakiwa aongeze mikao ya wahusika, apange muda wa kila picha, aweke na sauti za majaribio. Kazi za watu wawili au watatu zikaangukia meza moja, huku muda wa kukabidhi ukibanwa.

Malipo kwa kipande peke yake si dhuluma. Wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil hulipwa kwa tani, na mzani ukishasoma, hesabu imekwisha. Hakuna anayewarudisha shambani kuikata upya miwa ileile kwa sababu mnunuzi amebadili mawazo. Msanii wa storibodi hurudishwa, pengine mara tatu au nne, na akiwa amepatana bei moja kwa kipindi kizima, kila marudio huipunguza thamani ya saa yake.

Sheria ya Kenya hailali kabisa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi wa kipande haki ya kulipwa kila mwisho wa mwezi kulingana na kiasi alichokwisha kufanya, au kazi inapokamilika, kipi kitangulie. Tatizo ni kwamba haki hiyo ni ya mwajiriwa, na msanii wa Katito huandikwa kama mkandarasi anayejitegemea. Sheria ya Hakimiliki nayo inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mkataba ukinyamaza, msanii hana mchoro, hana mshahara, hana saa za ziada.

Wenye studio wana hoja ya kusikilizwa. Bajeti huwekwa na televisheni ya ng'ambo au mfadhili, wao hupokea tu, na wakipandisha bei mteja ataenda Manila. Pia ni kweli kwamba storibodi ipo ili irekebishwe: kosa linalogunduliwa hapo hufutwa kwa kalamu, likigunduliwa baada ya uhuishaji hugharimu wiki nzima za kazi ya timu. Lakini hoja hiyo inamtetea msanii zaidi kuliko studio. Ikiwa marekebisho yake ndiyo yanayookoa fedha za uzalishaji, ni haki sehemu ya fedha hizo imfikie. Mteja anayejua kwamba duru ya tatu ina bei yake hufanya uamuzi mapema.

Los Angeles, chama cha wachoraji wa katuni kilichoundwa mwaka 1952 kina mkataba unaoweka wiki ya saa 40 na kima cha chini cha malipo kwa msanii wa storibodi. Bado wanachama wake hulalamikia saa za ziada zisizolipwa, lakini wana pa kupeleka malalamiko. Nairobi, Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja maudhui ya mitandao, kazi nyingine ya kukodolea skrini kwa niaba ya kampuni za mbali, walipiga kura kuunda chama chao. Wachoraji wanaweza kufuata njia hiyo, ingawa waliotawanyika Katito, Kisumu na Thika watakusanyika kwa shida zaidi kuliko watu wa jengo moja.

Wakati wakijipanga, kuna hatua isiyohitaji kusubiri bunge. Fedha za umma zinazopitia Kamisheni ya Filamu ya Kenya, au kaunti yoyote inayofadhili filamu, zitolewe kwa mtayarishaji anayeonyesha mikataba ya wasanii wake, ikitaja mambo matatu: duru ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei, kila duru ya ziada inalipwa kiasi gani, na malipo ya awali yanatoka lini. Ukurasa mmoja unatosha, na unaweza kutiwa saini kwa simu hapohapo Katito kabla mstari wa kwanza haujachorwa.