Kupanga Mji Si Kufukuza Watu

Suala la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kiwanja cha kujenga nyumba si la wanasheria na wapima ardhi peke yao. Ni suala la nani ataishi mjini na nani atabaki nje akiutazama. Katika Jimbo la California, nchini Marekani, suala hilo limezaa mvutano wa miaka mingi kati ya Serikali ya Jimbo na halmashauri za miji, na mvutano huo unastahili kutazamwa kwa makini na kila mtumishi wa umma.

Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba halmashauri inayo haki ya kuugawa mji kwa matumizi mbalimbali: huku viwanda, kule maduka, na kwingine makazi. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa afya na usalama wa raia. Lakini katika miji mingi ya California sehemu kubwa ya ardhi ya makazi ilitengwa kwa nyumba ya familia moja tu katika kila kiwanja. Kwa maandishi, kanuni hiyo haimtaji maskini wala mtu mweusi. Kwa vitendo, asiye na uwezo wa kununua nyumba nzima pamoja na kiwanja chake hana mlango wa kuingilia. Mji wa Berkeley, uliokuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuweka kanuni ya namna hiyo mwaka 1916, ulikiri wenyewe mwaka 2021, kwa azimio la baraza lake, kwamba kanuni hizo zilikuwa chombo cha ubaguzi.

Serikali ya Jimbo haikukaa kimya. Tangu mwaka 1969 sheria inaitaka kila halmashauri iandae mpango wa nyumba kwa wananchi wa vipato vyote. Hata hivyo, kwa miaka mingi mipango hiyo ilibaki kwenye makabrati. Ndipo sheria zikaongezwa makali. Sheria ya mwaka 2017 inazinyima halmashauri zilizo nyuma ya lengo lao uwezo wa kuvutavuta maombi ya ujenzi yanayotimiza masharti yaliyokwisha kuandikwa. Sheria ya mwaka 2021, ijulikanayo kama SB 9, inaruhusu kiwanja cha nyumba moja kigawanywe na kubeba hadi nyumba nne. Na sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025 inaruhusu maghorofa karibu na vituo vikubwa vya usafiri wa umma, mahali pengine hadi ghorofa tisa.

Wapinzani wanasema kwamba huku ni kuupora umma madaraka yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni lazima kuuliza: umma upi? Wapiga kura wa mji ni wale waliokwisha kupata makazi humo. Mwalimu anayefundisha watoto wa mji huo, lakini analala mbali na kuamka alfajiri kuifuata kazi, hana kura katika baraza lake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mapema mwaka 2022 mji wa kitajiri wa Woodside ulitangaza kwamba eneo lake lote ni makazi ya simba wa milimani, na kwa hiyo SB 9 isingeweza kutumika humo. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo alipouonya, mji ulirudi nyuma. Madaraka yanayomtafutia mnyama hifadhi ili kumnyima binadamu nyumba yamekwisha kupoteza haki ya kuitwa demokrasia.

Lakini haifai kudhani kwamba kila neno la halmashauri ni hila. Halmashauri ndiyo inayojua bomba la maji linakoishia, na barabara ipi itaziba siku ya moto. Baada ya mioto mikubwa ya Januari 2025 huko Los Angeles, Gavana Gavin Newsom mwenyewe alizipa serikali za mitaa nafasi ya kuizuia SB 9 katika maeneo yaliyoungua yenye hatari kubwa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Jimbo liseme nyumba ngapi zinahitajika. Mji useme zitakaa wapi na kwa usalama gani. Neno ambalo mji hauna haki ya kulisema ni moja tu: hapana kwa wote.

Tena, sheria peke yake haifyatui tofali. Kumwondolea mjenzi kizuizi kunamfaa kwanza mwenye mtaji, naye hujenga palipo na faida. Sheria ya mwaka 2022 iliyofungua ardhi za wilaya za shule kwa ajili ya nyumba za walimu na watumishi wao, kwa masharti maalumu, inaonyesha njia iliyo bora zaidi: ardhi ya umma kwa watumishi wa umma. Hata hivyo, bila fedha za umma kuifuata, ardhi hiyo itaendelea kuota majani.

Basi Jimbo lililochukua madaraka limechukua na wajibu. Halitapimwa kwa wingi wa sheria zilizotiwa saini, bali kwa idadi ya watumishi watakaolala katika mji wanaouhudumia.