Mshambuliaji mbichi apangwe, lakini asiachwe peke yake

KISANGANI – Timu inayowania ubingwa ikianza kukosa mabao, mabishano ni yale yale. Yuko kijana mwenye mbio, hana woga mbele ya goli, lakini bado hajui kutuliza mpira wala kusubiri pasi. Apangwe, au aachwe benchi mpaka akomae? Kwenye Stade Lumumba hapa mjini, shabiki wa TS Malekesa na shabiki wa AS Makiso wote wanalijua swali hilo.

Wanaokataa hawasemi ovyo. Timu inayotafuta kombe haina mechi za kujaribia watu. Kijana akikosa bao la wazi dakika za mwisho, wanaoumia ni wakubwa waliotoka jasho msimu mzima. Na kijana mwenyewe akizomewa na uwanja mzima, anaweza kuanza kuukimbia mpira.

Lakini Kongo ilikwisha kulijibu swali hilo uwanjani, mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2016.

Ilikuwa Rwanda, kwenye CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Leopards walikuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 2009, na nchi nzima ilikuwa inalidai tena. Kocha Florent Ibenge alikuwa na kila sababu ya kuwategemea wazoefu tu. Hata hivyo alimpanga mbele Meschack Elia, kijana wa miaka 18 kutoka CS Don Bosco ya Lubumbashi.

Njia haikuwa laini. Kongo ilipigwa na Kamerun 3-1 katika kundi. Robo fainali dhidi ya wenyeji Rwanda ilihitaji dakika za nyongeza, na nusu fainali dhidi ya Guinea ilifika penalti. Mtu angeweza kusema: huu si wakati wa watoto. Tarehe 7 Februari 2016, mjini Kigali, Kongo iliifunga Mali 3-0 katika fainali. Elia alifunga mabao mawili, Jonathan Bolingi akaongeza la tatu. Kongo ikawa nchi ya kwanza kulichukua kombe hilo mara mbili, na Elia akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Faida yake haikuishia Kigali. Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika nchini Côte d'Ivoire, Elia ndiye aliyeifungia Kongo dhidi ya Misri, mechi ambayo Leopards walishinda kwa penalti. Na Novemba 2025, mjini Rabat, Nigeria ilipotangulia kufunga katika mechi ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, ni yeye aliyesawazisha. Kongo ikashinda tena kwa penalti. Kijana aliyeaminiwa mapema aliendelea kuilipa nchi karibu miaka 10 baadaye.

Basi kila kijana mwenye mbio apangwe kesho? Hapana. Waliofurahia kombe la 2016 wasisahau mambo mawili.

La kwanza: Elia hakubebeshwa timu nzima. Nyuma yake alikuwepo nahodha Joël Kimwaki akiongoza ulinzi, na kipa Ley Matampi golini. Kijana aliachiwa kazi anayoiweza: kukimbia na kufunga. Timu inayomtupa kijana mbele wakati nyuma hakuna mtu wa kumtuliza haimpi nafasi. Inamtafuta wa kumlaumu.

La pili: ubichi wake haukuwa wa mtu asiyecheza. Alikuwa na klabu, na mazoezi, na mechi za ligi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini lazima awepo wa kumkunja.

Hapa ndipo jambo hili linapozigusa familia za Kisangani, na zaidi zile zilizokimbia. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya mto huko Lubunga na kwingineko, yamezitoa familia nyingi katika nyumba zao. Watoto waliokuwa na shule na timu ya mtaa waliviacha vyote siku moja. Kijana wa namna hiyo akifika kwenye majaribio ya klabu, ataonekana mbichi kuliko wenzake. Si lazima awe amekosa kipaji. Huenda amekosa mechi, viatu na chakula cha kutosha. Kocha anayempima kwa dakika 20 na kumrudisha nyumbani hajampima bado.

Kwa hiyo klabu zinazowania ubingwa ziwafungulie vijana hao mlango, kwa utaratibu. Kijana afanye mazoezi na wakubwa, aingie kwanza dakika 15 au 20, na awe na mkubwa mmoja uwanjani wa kumwongoza. Akikosa bao, kocha ajibu mbele ya mashabiki, si mtoto. Na kwa kuwa wengi walikimbia bila karatasi, klabu iisaidie familia kutafuta cheti cha kuzaliwa badala ya kumbunia kijana umri mwingine.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtu akija na ahadi za kumpeleka mtoto mbali, aulizwe ni klabu gani, atalala wapi, na atasoma wapi. Mpira usiwe sababu ya kuacha darasa.

Mashabiki wamebakiwa na dogo tu: subira. Kijana wa 2016 aliibeba fainali kwa sababu alikuwa bado uwanjani baada ya kichapo cha Kamerun. Timu ya Kisangani inayotaka kombe impange kijana wake, na akikosa bao Jumapili hii, imwite tena Jumapili ijayo.