«Rezo iko mubaya» si jibu: tupime wenyewe

Kwa wakaaji wa mji wa Baraka na wa teritware yote ya Fizi.

Ndugu zetu, wamama wa soko, wavuvi, wamotari, walimu, vijana wenzetu,

Tumechoka na neno moja: «Rezo iko mubaya, muvumilie.» Mama anangoja pesa kutoka Kalemie, ujumbe haufiki: rezo. Mwanafunzi ananunua forfe ya siku moja, ukurasa haufunguki, usiku wa manane forfe inaisha: rezo. Unaenda kuuliza, wanakujibu: rezo. Rezo imekuwa kama mvua, eti inatoka kwa Mungu na hakuna mtu wa kuulizwa.

Sisi tunasema hapana. Rezo ni kazi ya watu, na kazi ya watu inapimwa.

Mukumbuke kodi ya RAM. Ilianza Septemba 2020, ikakata yinite mu simu za watu inchi nzima. Vijana walipiga kelele, wabunge wakauliza, na mu 2022 ikaondolewa. Juu ya nini tulishinda? Kila mtu aliona kwa macho yake yinite zinakatwa. Rezo mubaya nayo ni kukatwa, lakini kukatwa kwa giza. Unalipa yote, unapata nusu, na hauna kitu cha kuonyesha. Bila kipimo, malalamiko yetu ni kelele tu.

Kipimo kiko, na ni cha bure. Kila ordinatere ina dirisha la kuandikia amri. Ata simu ya Android inaweza kulipata kwa programu ya bure inayoitwa Termux. Andika: ping -c 20 8.8.8.8 (ku Windows: ping -n 20 8.8.8.8). Simu inatuma vijumbe 20 kwa mashine ya Google, halafu inakuambia vingapi vimerudi, vingapi vimepotea, na kila kimoja kimetumia milisekunde ngapi. Ukituma vijumbe 100, haumalizi ata kilobaiti 20. Amri hii iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mu Desemba 1983. Ni zaidi ya miaka 40! Nani atatuambia ni siri ya mainjinia?

Kama uko ku wifi ya ofisi ao ya sibere, anza na ping ya kile kisanduku cha wifi. Kikijibu lakini 8.8.8.8 haijibu, shida iko nje ya nyumba, usimugombeze kijana wa sibere. 8.8.8.8 ikijibu lakini majina ya kurasa hayafunguki, jaribu nslookup: pengine ni kitabu cha majina tu kimeanguka, barabara iko nzima. Na traceroute, yenye Windows inaita tracert, inaonyesha vituo vya njiani kimoja kimoja mpaka pale safari inakwama. Tuwe wa kweli: vituo vingine vinakataa kujibu, vinaonyesha nyota tu. Nyota moja si ushahidi. Lakini vipimo vya wiki nzima, vyenye tarehe na saa, ni ushahidi.

Kipimo kinafichua tena uongo wa biashara. Satelaiti ya zamani iko juu karibu kilometa 36,000. Kijumbe kikienda na kurudi kinapita umbali huo mara 4, na ata mwanga wenyewe hauwezi kuumaliza chini ya milisekunde 470. Kwa hiyo mtu akikuuzia «fibre», na ping ya saa tisa ya usiku, watu wote wamelala, haishuki ata siku moja chini ya 600, muulize: fibre gani hiyo inapitia mbinguni?

Kuna wenye watasema: «Watu wanakimbia vita, ninyi munaongea rezo?» Ndiyo, tunaongea rezo juu ya vita. Bunduki zikilia Lulenge, ni simu njo inaonya Baraka. Na tusisahau: kisha uchaguzi wa tarehe 30/12/2018, serikali ilikata intaneti karibu siku 20, ikisema inazuia matokeo ya uongo. Siku hiyo tulijua ni mkono wa mtu. Siku zingine tutajuaje, kama hatupimi?

Kwa hiyo:

Kampuni za simu, tunadai mutangaze kila katiko, sababu yake na saa zake, na forfe iliyoliwa na katiko irudishwe.

ARPTC, kazi yenu ni kusimamia hizo kampuni. Mupime ubora wa rezo Baraka, Mboko, Fizi-centre na Kazimia, si Kinshasa tu, na mutangaze matokeo.

Walimu wa informatike, musiishie kuchora ordinatere ku ubao. Amri hizi tatu zinaenea mu somo moja.

Na sisi vijana: tuache kulalamika chini ya mwembe. Kila mmoja apime asubuhi, mchana na usiku, aandike mu daftari tarehe, saa, mahali na matokeo. Siku tutaenda ku mlango wa wakubwa, hatutaenda na hasira peke yake. Tutaenda na daftari.

Anayelipa njo anapaswa kupima.