Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Tuite Milango Ikiwa Wazi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Uhuru.

Jumatatu ya 15 Mei 2023 tuligoma, tukafunga maduka. Asubuhi ile nilimwona kijana mmoja wa mkokoteni amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu, kofia imemfunika macho. Hana fremu, hadaiwi risiti ya mashine, na hakuna aliyemuuliza kama tufunge. Analipwa kwa mzigo, na siku hiyo mzigo haukuwapo. Mama wa Lubumbashi aliyezoea kuchukua robota nne kwangu alikuta makufuli. Akapanda basi la Tunduma mikono mitupu. Sijamwona tena.

Siku ya tatu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja akatusikiliza: kamatakamata ya wateja wetu, usajili wa stoo, makadirio ya kodi. Kamati ikaundwa, tukafungua. Tarehe 24 Juni 2024 makufuli yakarudi, na kilio cha kodi na kamatakamata kikarudi nayo.

Mheshimiwa, hayo yalizungumzwa vibarazani miezi mingi kabla. Tulichokosa ni mahali pa kuyapeleka yakiwa bado madogo. Kiongozi wa wafanyabiashara hupigiwa simu soko likishafungwa. Likifunguliwa, anasahaulika mpaka mgomo mwingine.

Nasi tuna makosa yetu, tena makubwa. Tunamchagua mwakilishi wa mtaa kwa kelele, kisha hatulipi ada wala hatuendi vikaoni. Mtu anayejilipia nauli na vocha ili atusemee, huku duka lake limebaki na mtoto wa shule, atachoka. Anayebaki ni mwenye sauti kubwa au mwenye lake jambo. Hilo ni letu kulirekebisha, na nimeanza kulisema hapa mtaani.

Ombi langu kwako ni kikao cha kila mwezi, siku inayojulikana. Waje Mamlaka ya Mapato, Jiji, wenye majengo na wawakilishi wa kila mtaa, wakiwamo machinga na wachukuzi. Na usalama wa majengo uwe ajenda ya kudumu: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, likawaua wenzetu waliokuwa kazini. Mpangaji akiona ufa ukutani ajue wa kumwambia, na asiogope kufukuzwa kwa kusema.

Maazimio yabandikwe mitaani kwa Kiswahili chepesi, yakionyesha nani atafanya nini na lini. Mwezi unaofuata tuanzie hapo.

Tafadhali itisha kikao cha kwanza mwezi huu, wakati maduka yote yako wazi. Nitamwachia jirani fremu yangu kwa saa mbili nije kukaa na wenzangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfanyabiashara wa vitenge, Kariakoo